Hodi ya Mbali: Historia ya Mazungumzo ya Mtu na Kompyuta

Usiku wa tarehe 29 Oktoba 1969, yapata saa nne na nusu, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha California kilichopo Los Angeles, aitwaye Charley Kline, alibisha hodi katika kompyuta iliyokuwa zaidi ya kilomita 500 kaskazini yake, kwenye Taasisi ya Utafiti ya Stanford. Upande wa pili alikuwapo Bill Duvall, na baina yao palikuwa na simu ya kawaida ya kuthibitishiana. Kline alibonyeza L, akaambiwa imefika. Akabonyeza O, imefika. Alipobonyeza G, kompyuta ya Stanford ikakwama. Neno lililokusudiwa lilikuwa LOGIN, na herufi zake mbili za mwanzo ndizo ujumbe wa kwanza kupita katika ARPANET, mtandao uliokuja kuizaa intaneti. Baada ya kama saa moja hitilafu ilirekebishwa, na safari hii hodi ikaitikiwa.

Historia ya kompyuta husimuliwa zaidi kama historia ya kasi: mashine zilizidi kuwa ndogo, waya zikazidi kuwa nyepesi. Sisi tunaoshughulika na lugha tunaweza kuisoma kwa jicho jingine. Kuingia katika kompyuta ya mbali ni mazungumzo. Mmoja anabisha, mwingine anauliza ni nani. Wa kwanza anataja jina, wa pili anadai neno la siri. Mazungumzo hayo hayo yakirudiwa mara ishirini kwa siku humchosha mtu, naye hutamani kuyaandika mara moja na kumwachia mwingine ayaseme kwa niaba yake. Makala hii inafuata tamaa hiyo, na inauliza swali ambalo wahandisi hawakulijali sana isipokuwa mara moja tu: mazungumzo hayo yaandikwe kwa lugha ya nani?

Tuanze na neno lenyewe la hodi. Kiingereza kilisema *log in*, na ndani ya neno hilo limelala gogo. Mabaharia wa kale walitupa baharini kipande cha gogo kilichofungwa kamba yenye mafundo, wakahesabu mafundo yanayopita mkononi ili wajue mwendo wa chombo. Hesabu hiyo iliandikwa katika daftari, na daftari likarithi jina la gogo. Kuandikishwa katika daftari kukawa kuingia. Kiswahili kilipopewa kazi ya kulitaja tendo hilo kikaliacha gogo baharini na kusema tu “ingia”. Naona tulifanya vema, ingawa watu wa pwani wangelielewa gogo hilo haraka kuliko wahandisi wengi.

Neno la pili ni *terminal*. Asili yake ni Kilatini, nalo huashiria mpaka au mwisho wa njia, na katika siku za mwanzo lilikuwa na maana ya wazi: chombo kilichokaa mwisho wa waya, mbele ya mtu. Chombo kilichoenea kilikuwa mashine ya kampuni ya Teletype, hasa Model 33 iliyotoka mwaka 1963. Aliyewahi kuona mashine ya teleksi katika ofisi ya posta ataikumbuka sura yake: kibodi, bobini la karatasi, na kelele. Ilichapa herufi 10 kwa sekunde. Mwaka 1969, Ken Thompson na Dennis Ritchie walipoanza kuunda mfumo wa Unix katika maabara ya Bell, walikuwa wakizungumza na kompyuta kupitia mashine za namna hiyo. Hii ni sababu mojawapo ya amri za Unix kuwa fupi kama vina bila mizani: *ls*, *cp*, *mv*. Mtu anayelazimika kubonyeza funguo nzito na kungoja karatasi ijibu hujifunza ufupi.

Mashine hizo zimekwisha, lakini kivuli chake hakijaondoka. Ukifungua leo dirisha la terminali katika kompyuta yako ya mezani, lile dirisha lenye maandishi matupu na kialama kinachopepesa, unatazama picha ya mashine iliyokufa. Programu hiyo inaiga karatasi na waya. Amri ya kuiuliza Unix jina la dirisha hilo yenyewe huitwa *tty*, kifupisho cha Teletype.

Tamaa ya kuyaandika mazungumzo ilikuwapo hata kabla ya Unix. Mwaka 1961, katika chuo cha MIT, Fernando Corbató na wenzake walionyesha mfumo wa CTSS, uliowawezesha watu kadhaa kuitumia kompyuta moja kwa wakati mmoja, kila mmoja mbele ya terminali yake. Kwa kuwa sasa walikuwapo wengi, ilibidi kila mtu awe na faragha yake, na neno la siri likaingia katika maisha ya kompyuta. (Wengine husema nywila, wengine nenosiri. Mimi natumia nywila kwa kuwa inaingia vizuri katika mizani.) Katika mazingira hayo Mfaransa Louis Pouzin aliandika programu aliyoiita RUNCOM. Kazi yake ilikuwa rahisi kuieleza: unaandika amri zako katika faili, mstari kwa mstari, nayo inazisoma na kuzitekeleza kana kwamba wewe mwenyewe unazipiga. Hadi leo faili nyingi za Unix zina herufi *rc* mwishoni mwa majina yake. Ni mabaki ya RUNCOM.

Pouzin ndiye pia aliyeipa programu inayopokea amri jina la *shell*, yaani ganda, kwa maana kwamba inaufunika moyo wa mfumo na ndiyo sehemu ambayo mtumiaji huigusa. Hapo Kiswahili kina kikwazo kidogo cha kuchekesha: “sheli” imeshachukuliwa na vituo vya mafuta. Ukimwambia kijana wa Dodoma afungue sheli atakuuliza mtaji unao? Kwa hiyo hapa nitasema ganda.

Mtandao ulipoenea, hodi ya Kline ilipata kanuni. Telnet, iliyoanza kujadiliwa mwaka ule ule wa 1969 na kupewa maelezo yake ya kudumu mwaka 1983, ilimruhusu mtu kukaa mbele ya kompyuta moja na kuandika kana kwamba yuko mbele ya nyingine. Lakini ilisafirisha kila kitu kikiwa uchi. Nywila ilipita katika waya kama barua isiyo na bahasha. Waliochoka kuulizwa nywila kila mara walipata nafuu katika amri za Unix ya Berkeley, *rlogin* na *rsh*, ambazo ziliruhusu kompyuta moja iiamini nyingine: ukitoka katika mashine hii, ingia bila kuulizwa. Ilikuwa njia rahisi kabisa ya kuondoa uchovu, na ilikuwa ya kijiji, ambako anayejulikana haulizwi. Novemba 1988 programu ya Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa Cornell, ilitembea kutoka kompyuta hadi kompyuta ikitumia mianya kadhaa, mmojawapo ukiwa imani hiyo. Mashine zilizoathirika zilikadiriwa kufika 6,000. Kijiji kilikuwa kimekuwa mji.

Sasa nafika katika sehemu ninayoipenda zaidi, nayo itawapendeza washairi.

Tatizo lilikuwa hivi. Faili ya amri kama ile ya Pouzin ni hotuba, wala si mazungumzo. Inasema, haisikilizi. Lakini kompyuta ya mbali huuliza, na inapouliza nywila hukataa kusikia jibu lililowekwa kwenye faili. Inataka jibu litoke moja kwa moja katika terminali, kwa imani kwamba mbele ya terminali yuko mtu. Mwaka 1990 Don Libes, wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, alitoa programu iitwayo Expect. Ilijengwa juu ya Tcl, lugha ya amri iliyobuniwa na John Ousterhout huko Berkeley. Libes alifanya mambo mawili. Kwanza, aliipa programu terminali bandia, hata kompyuta ya mbali ikadhani inazungumza na mtu. Pili, aliibuni lugha yake juu ya vitenzi vichache mno: cha kuzaa mazungumzo, cha kungojea, cha kutuma, na kimoja cha mwisho cha kumrudishia binadamu usukani.

Kitenzi cha kungojea ndicho kilichoipa programu jina. Unaandika: ngojea mpaka uone neno “nywila”; ukiliona, tuma hili. Ngojea mpaka uone alama ya kukaribishwa. Ukiiona, tuma amri ya kwanza. Unaweza pia kuandika njia za pembeni: ukiambiwa kwamba jina halijulikani, fanya hivi, ukikataliwa, acha. Na kama hakuna jibu, programu haikai milele. Usipoielekeza vingine, hungoja sekunde 10 kisha ikaendelea na mpango mwingine.

Wanaojua malumbano wataona undugu. Mlumbi hawezi kuandika beti zake zote nyumbani na kuja kuzisoma tu; lazima ausikie ubeti wa mwenzake, akamate kituo chake, ndipo ajibu. Tofauti ni kwamba mtunzi wa Expect huandika pande zote mbili: lake la kujibu, na la mwenzake la kutarajiwa. Kwangu mimi inafanana zaidi na andalio la somo. Kila aliyepita chuo cha ualimu anazikumbuka safu zile mbili, kazi ya mwalimu na kazi ya mwanafunzi, ambamo unatabiri darasa litajibu nini kabla hujaingia. Na kila aliyefundisha anajua yanayotokea mwanafunzi wa nyuma anapojibu lisilokuwa katika safu.

Expect ilikuwa na aibu moja, nayo haikuwa ya Libes peke yake. Ili kutuma nywila ilibidi nywila iandikwe mahali, na mara nyingi iliandikwa ndani ya faili hiyo hiyo, wazi. Siri ya mtungi, walisema wahenga, aijuaye kata. Hapa siri iliandikwa ubavuni mwa mtungi.

Dawa ilitoka Ufini. Mwaka 1995, mtandao wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki uliingiliwa na mdukuzi aliyenasa nywila zilizokuwa zikipita uchi. Mtafiti wa chuo hicho, Tatu Ylönen, akaandika programu mpya ya kuingia kwa mbali, SSH, ambamo mazungumzo yote husimbwa, hata anayeyanasa njiani asipate kitu. Aliitoa bure mwezi Julai mwaka huo. Aliomba na kupewa namba ya mlango 22, kati ya 21 wa kuhamishia mafaili na 23 wa Telnet, yaani alijiweka nyumba ya jirani ya wale aliotaka kuwarithi. Mwaka 1999 kundi la OpenBSD lilitoa OpenSSH, toleo huru ambalo leo limo katika kompyuta nyingi sana duniani.

Jambo kubwa kwa hadithi yetu si usimbaji bali kile kinachoitwa jozi ya funguo. Jina hili linapotosha, na Kiswahili kimelipokea pamoja na upotofu wake. Ufunguo wa nyumbani humpa aingiaye yeyote aushikaye. Kinachofanyika katika SSH kinafanana zaidi na sahihi ya benki. Benki inatunza kielelezo cha sahihi yako, nawe kila unapofika unatia sahihi upya mbele yake. Kielelezo hicho ni ile nusu ya wazi iliyowekwa katika seva. Mkono wako ni nusu ya siri, usiotoka nyumbani kamwe. Seva hutoa jambo jipya la kutiwa sahihi kila mara, kwa hiyo aliyenasa sahihi ya jana hana la kufanya nayo leo. Na tofauti na benki, kuwa na kielelezo hakumsaidii mtu kughushi. Yupo hata wakala, programu ndogo inayoushika mkono huo kwa niaba yako kwa siku nzima, ili usisumbuliwe tena baada ya kuufungua asubuhi.

Hapo historia ilipinda. Libes alikuwa amefundisha mashine kujibu swali kwa niaba ya mtu. Ylönen aliliondoa swali. Mazungumzo ya nywila, yaliyoandikwa kwa ustadi mkubwa katika faili za Expect, yakanyamaza, na anayetaka kompyuta yake ifungue madirisha kumi na kuingia katika seva kumi kila asubuhi hahitaji tena kuandika siri yoyote. Anahitaji tu mtu wa kufungua madirisha.

Mtu huyo alikuwa ameshazaliwa, katika ukoo mwingine kabisa. Mwaka 1993 kampuni ya Apple ilitoa AppleScript, lugha ya kuziamuru programu za kompyuta ya mezani. Macintosh ya wakati ule haikuwa na dirisha la terminali. Ilikuwa mashine ya picha na kipanya, na fahari yake ilikuwa kumwepusha mtu na amri za kuandika. Lakini picha haziandikiki katika faili na kurudiwa kesho, na hivyo amri zikarudi kwa mlango wa nyuma. Mwaka 2001 Mac OS X ilipotoka ikiwa na Unix ndani yake, koo mbili zikaoana. Palikuwa na programu iitwayo Terminal. Palikuwa na AppleScript ya kuiamuru. Na SSH ilipatikana ndani ya dirisha. Mistari mitatu ilitosha: iambie Terminal, itekeleze amri ya kuingia katika seva fulani, mwisho. Kila amri isiyotajiwa dirisha hufunguliwa dirisha jipya. AppleScript yenyewe haina sikio la Expect. Huandika amri dirishani na kuendelea na safari bila kungoja, na watu wengi waliiwekea sekunde mbili tatu za kupumua kati ya mstari na mstari. Lakini kwa kuwa SSH ilikuwa imeliondoa swali, uziwi huo haukudhuru sana.

Hiyo ndiyo mara moja niliyoitaja mwanzoni. Waundaji wa AppleScript waliamua kwamba amri zisomeke kama lugha ya watu. Neno la kwanza la amri ni *tell*, ambia. Dirisha huitwa dirisha, la kwanza huitwa la kwanza, na umiliki hutajwa kwa *of*. Na hawakuishia katika Kiingereza. Walitengeneza pia lahaja ya Kifaransa na ya Kijapani. Faili iliyokwisha kutafsiriwa kwa mashine haikuhifadhi maneno bali maana, na maneno yalitolewa upya kila faili ilipofunguliwa. Kwa hiyo mtu wa Paris angeweza kuandika amri kwa Kifaransa, na mtu wa Tokyo akaifungua na kuisoma kwa Kijapani. Sijui jaribio jingine la Babeli kinyume linaloshinda hilo kwa ujasiri.

Lahaja hizo baadaye ziliachwa. William Cook, aliyekuwa mmoja wa wakuu wa kazi hiyo, aliandika mwaka 2007 kwamba jaribio la kuifananisha lugha ya mashine na lugha ya watu halikufaulu. Naamini sababu zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kwamba kila programu huleta msamiati wake, na msamiati huo ulihitaji mtu wa kuutafsiri kwa kila lahaja. Nani angelipwa kwa kazi hiyo? Ya pili inahusu tabia ya lugha. Sentensi inayofanana na Kiingereza humshawishi msemaji wa Kiingereza aseme apendavyo, kumbe mashine inakubali namna moja tu. Amri kavu ya *ls* haimdanganyi mtu kwamba ni lugha yake.

Je, lahaja ya nne ingeweza kuwa Kiswahili? Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitupatia Jambo OpenOffice, programu za ofisini zenye menyu za Kiswahili, na kazi hiyo ilionyesha kwamba vitufe vinatafsirika. Kitufe, hata hivyo, ni neno lililosimama peke yake. Amri ni sentensi, na sentensi ya Kiswahili haiendi bila upatanisho. Kiingereza kina *of* moja tu. Sisi tungesema herufi ya kwanza ya neno la pili la mstari wa tatu, na mashine ingelazimika kujua ngeli ya kila nomino kabla ya kuchagua ya, la au wa. Ingebidi ijue pia ngeli za nomino ambazo sisi wenyewe hatujapatana. Nimesikia walimu wakibishana kutwa nzima kama tuseme faili hili au faili hii, na folda bado haijapata hata wa kuibishania.

Watu wangesema huo ni mzigo. Mimi sikubali. Chukua kazi ya kawaida kabisa ya mtu mwenye madirisha kumi na seva kumi: anataka kuondoa dirisha moja. Kwa Kiingereza, ukitaja dirisha la seva kisha ukaongeza kwamba “limefungwa”, neno hilo la mwisho linaweza kuelekea dirisha au seva, na ni mabano tu yatakayoamua. Kwetu, *dirisha la seva lililofungwa* na *dirisha la seva iliyofungwa* ni amri mbili tofauti, na tofauti yake imebebwa na kiambishi kimoja cha mwanzo.